Uliyekuwa mwigizaji ukafungwa: ile kiu ya kuigiza inatoka wapi?

#1 MsaniiBarani
Salaam wanauzi. Nimekaa na hili swali tangu nitoke na leo nimeamua kulitoa.

Mi ni wa hapa Malindi, Barani. Kabla ya kufungwa nlikuwa naigiza, si wa tivii, sisi ni wale tunaozunguka mashule na tamthilia za seti buku, vile vitabu vya mtihani, leo Kilifi kesho Garsen kesho kutwa tunavuka Mokowe kwenda Amu, yaani Lamu, gari moja watu kumi na mavazi kwenye gunia. Nlipatikana na kosa, nkapewa miaka mitatu, theluthi nkapunguziwa kwa mwenendo, nkatumikia miwili. Gereza lenyewe silitaji.

Sasa, nlikuwa nimejiandaa kwa njaa, kwa kunguni, kwa kuchutama tukihesabiwa. Hayo kila mtu alinambia. Hakuna aliyenambia kwamba kama mwezi wa tatu hivi mwili wenyewe ungeanza kudai kuigiza. Mchezo wetu wa mwisho nlikuwa mzee mlevi, bega lake moja limeshuka, basi niko kwenye foleni ya uji nashtukia bega langu limeshuka lenyewe. Usiku taa haizimwi, wenzangu wamelala ubavu kwa ubavu, mi nimekaa kitako mdomo unatembea. Siku moja nkajitanda blanketi kama leso nkawa mke wa yule mlevi, namgombeza halafu najijibu, polepole, hata sauti haitoki. Jirani yangu akafumbua macho akanitazama weee, akavuta godoro lake akasogea. Wiki nzima wadi yote inasema nna jini.

Na kilichonikata maini ni hiki: mi najua kumfanya mtu acheke hadi ashike mbavu, na sijawahi kuona mahali watu wanahitaji kucheka kama pale, na nmekaa nacho mkononi siwezi kuwapa. Niliomba ofisi ya welfea tufanye kamchezo Jumapili, nkaambiwa watu wakikusanyika wakapiga kelele hio ni fujo. Nkaomba tena, sikujibiwa.

Mshairi nasikia jela humzalisha. Mimi ilinikausha. Kwa hivo nadai hivi, mnipinge: mwigizaji ndiye msanii pekee ambaye ukimtoa mbele ya watu hana sanaa tena, anabaki mtu anayesema peke yake. Ni hivo ama ni mimi tu?

#2 Dogo_Shela
Pole kaka. Hii nasoma na kahawa kabisa, nakaa mbele.

#3 TungoZaPate
Napinga mapema. Kipaji hakifungiki. Abdilatif Abdalla alifungwa 1969 hadi 1972 kwa sababu ya kile kikaratasi chake cha kuuliza Kenya twendapi, kijana wa Mombasa wa miaka ishirini na kidogo, akakaa gereza la Kamiti akaandika mashairi kwenye karatasi za chooni, na ndiyo yaliyotoka 1973 yakaitwa Sauti ya Dhiki na bado tunayasoma. Ngugi wa Thiong'o naye mchezo wake aliuandikia humohumo Kamiti kwenye karatasi za chooni. Hao walikuwa na watazamaji gani? Wewe ulikosa subira, usiseme ulikosa watu.

#4 Ticha_Ngala
Shekhe wangu #3 kwa Abdilatif uko sawa, kwa Ngũgĩ umechanganya. Alichoandika Kamiti kwenye karatasi za chooni ni riwaya, kwa Kikuyu. Mchezo ndio uliompeleka jela, yeye na Ngũgĩ wa Mirii waliuandika kabla, ukachezwa Kamirithu na wakulima na vibarua wenyewe kuanzia tarehe 2 Oktoba 1977, na 16 Novemba leseni ikafutwa. Wiki sita tu. Siku ya mwisho ya mwaka huo wakamchukua, akatoka Desemba 1978. Na uwanja wenyewe waliojenga wanakijiji ukabomolewa 1982.

Na ukitazama vizuri hapo unamsaidia mwenye uzi, humpingi. Ndani aliweza riwaya. Mchezo hakuweza, maana mchezo ulikuwa wale watu wa Kamirithu na wao walibaki nje.

#5 MsaniiBarani
Ticha umenisemea. TungoZaPate sikatai ukubwa wa hao wazee. Lakini karatasi inangoja ndugu yangu. Unaandika leo unaficha, inasomwa baada ya miaka hamsini, mwandishi keshazikwa. Mimi kazi yangu inaanza ukinitazama na inakwisha ukigeuza shingo. Haifichiki kwenye soksi.

#6 Mzee_Mkunguni
Assalaam alaykum vijana. Mimi ni mtu wa Amu, Mkomani, umri umekwenda.

Ngome yetu hii mnayopigia picha ilikuwa jela tangu 1910 mpaka 1984. Sisi tulikua na jela katikati ya mji, sokoni hapa, ngome hapa, watu wakipita na punda na vikapu vya samaki na mfungwa yuko upande wa pili wa ukuta anasikia bei ya nguru. Nilipokuwa mtoto tukicheza pale Mkunguni kulikuwa na mmoja, simtaji kwa jina na wala sikuwahi kumuona uso, magharibi ikikaribia alikuwa akiiga sauti. Akiiga mwadhini mzee mwenye kikohozi, akiiga mama anayeita kuku, akiiga nahodha akigombana na mabaharia wake wanne, na wote wanne ni yeye. Sisi watoto tulikuwa tukikaa chini ya mti tunangoja. Askari akimkemea ananyamaza, kisha kuku anaitwa tena kwa sauti ndogo.

Siku moya hakuiga. Siyui alihamishwa au nini. Tulingoja siku nyingi. Kwa hivyo mwanangu #1 watazamaji alikuwa nao, tulikuwa watoto kumi pale, na yeye huenda hakujua kabisa kama tuko. Hilo ndilo ninaloliwaza mpaka leo, kama alijua.

#7 Bint_Langoni
Mzee wangu umenitoa machozi na mi niko kazini.

#8 Dogo_Shela
Si ndio hiyohiyo ngome alofungwa Fumo Liyongo? Akakata pingu akatoroka?

#9 TungoZaPate
Astaghfirullah Dogo. Wewe ni Shela ya Lamu ama ile Shela ya Malindi? Ngome ya Amu ilijengwa 1813 hadi 1821. Liyongo ni wa zamani mno, karne na karne kabla, na kifungo chake kilikuwa Pate. Usitunyang'anye shujaa.

#10 Dogo_Shela
Ya Malindi 😂 nimesamehewa?

#11 TungoZaPate
Sasa nimeelewa. Umesamehewa.

Lakini umenifungulia mlango. Kisa kama alivyokitunga Muhammad Kijumwa wa Lamu 1913: Liyongo amefungwa, auawe. Mamake kila siku anamletea chakula kizuri kupitia kijakazi Saada na askari wanakila wao, wanamwachia makombo. Akatuma salamu kwa mafumbo afanyiwe mkate wa wishwa na ndani yake itiwe tupa. Askari wakaona makapi wakayadharau wakamwachia. Alipoulizwa haja yake ya mwisho akaomba ngoma ya gungu, akawafundisha watu nyimbo, ngoma na matasa vikirindima huko nje yeye ndani anakata pingu, na watu wanaitikia hawajui wanaitikia nini.

Basi huyo ni mfungwa aliyefanya mji mzima uwe watazamaji wake naye yuko ndani. Kipaji kilipita ukuta, na ndicho kilichomtoa.

#12 MsaniiBarani
Wallahi kisa hiki nlikijua tangu utotoni na sijawahi kukitazama hivo. Lakini TungoZaPate, nyimbo hupita ukuta. Sauti ya yule wa Mzee Mkunguni pia ilipita. Bega langu lililoshuka litapita wapi?

#13 UshauriNasaha
Habari zenu. Mi ni mshauri nasaha, nimefanya kazi na waliotoka vifungoni, si Malindi tu. Naomba niseme bila kumuudhi mwenye uzi.

Nadhani haikuwa kiu ya kuigiza. Ndani unavuliwa vitu vingi kwa siku moja, nguo zako, simu, saa ya kulala, hata jina, unaitwa kwa namba. Akili inatafuta kitu kimoja ambacho bado ni chako inakishika kwa nguvu zote. Fundi seremala nlowahi kuzungumza naye alikuwa anapima ukuta kwa shubiri kila usiku, mvuvi mwingine alikuwa anafunga mafundo kwenye uzi wa blanketi. Wewe lilikuwa bega. Ungekuwa mpishi ungelilia sufuria. Ni maombolezo ya mtu uliyekuwa, yamevaa nguo za sanaa.

#14 Ticha_Ngala
Mshauri nakuheshimu ila hapa umekuwa mwepesi. Yule seremala akipima ukuta amepima, kipimo ni kilekile awe na mtu au hana. Fundo la mvuvi ni fundo. Mwenye uzi anasema yeye alichokifanya usiku HAKIKUWA mchezo, kilikuwa kitu kinachofanana na mchezo. Hio tofauti ndio uzi mzima.

#15 UshauriNasaha
Sawa Ticha, nimelichukua. Lakini bado nasema maombolezo yamo.

#16 AbuSumayya
Assalaam alaykum. Ndugu zangu mmekwenda mbali hadi Kamiti na Pate, mmemsahau Nabii Yusuf alayhi salaam. Alifungwa bila kosa na kipaji chake kilikuwa kufasiri ndoto. Ndani alikuwa na wangapi? Vijana wawili. Wakamletea ndoto zao akawafasiria, na kabla ya kuwafasiria akawaita kwa Mola wao. Mmoja akatoka akamsahau, na Yusuf akabaki jela miaka kadhaa. Hakusema kipaji changu kinaoza. Wawili walitosha, na mpaka mfalme naye alipoota ndipo yule akakumbuka.

Kwa hivyo kaka tuulizane kwa mapenzi, ulikuwa unataka kuwapa watu ama ulikuwa unataka kutazamwa? Maana kipaji ni amana, na kutaka kutazamwa ni nafsi. Mimi najiuliza hilo kila nikipanda mimbari sikuulizi wewe peke yako.

#17 MsaniiBarani
Shekhe hilo swali limenikaa. Sitajibu haraka.

Ila ntakwambia kitu. Kulikuwa na mzee mmoja, mchungaji wa ng'ombe kutoka huko Tana, Kiswahili chake kidogo sana. Alikuwa akilala mkabala na mimi. Nkisema laini zangu za usiku yeye anakaa kitako amefumba macho, mikono mapajani. Mi nkadhani ananisikiliza, nkaanza kumchezea yeye, nkaboresha sauti, nkampa hadi yale mapumziko ya kungoja kicheko. Karibu miezi miwili hivo. Kumbe siku moja akanambia ahsante mwanangu dua zako ndefu sana, Mungu akupokelee.

Alidhani nasali.

Sikumwambia. Nliendelea.

#18 Bint_Langoni
Subhanallah.

#19 Kaka_Muyeye
Wadau nimechelewa, mi nafanya hoteli hapa Malindi na mnajua hapa kwetu Kiitaliano ndio lugha ya pili. Kuna mgeni wetu mmoja wa kila mwaka, bibi mzee, yeye ndiye aliyenieleza habari za Volterra huko Toskana. Gereza lao liko ndani ya ngome ya zamani kama ngome ya Amu vile, na tangu 1988 kuna mwongozaji anaitwa Armando Punzo anaingia kuigiza na wafungwa, kundi lao limepewa jina la ngome, na watu wa nje wanakata tiketi kuingia JELA kutazama mchezo. Na pale Roma, gereza la Rebibbia, wafungwa walicheza Julius Caesar wakafanyiwa filamu na ndugu wawili Taviani ikachukua tuzo ya Dubu wa Dhahabu Berlin 2012. Watu wenye vifungo virefu kabisa.

Kwa hivyo MsaniiBarani, haikuwa jela iliyokukausha. Ilikuwa kukosa mtu mmoja wa kusema ndio.

#20 Ticha_Ngala
Caesar huyo! Na wale wa Robben Island pia walikuwa na kitabu cha Shakespeare kimefungwa kwa picha za miungu ya Kihindi ili askari wadhani ni kitabu cha dini, Mandela akatia saini pembeni ya maneno ya Caesar tarehe 16 Desemba 1977. Wiki mbili baadaye Ngũgĩ anachukuliwa. Na huyo Caesar kwa Kiswahili tunaye kwa mkono wa Mwalimu Nyerere, tangu 1963.

#21 Dogo_Shela
Mandela si aliigiza pia? Yule Antigone?

#22 Ticha_Ngala
Mchezo ulikuwa Antigone, na waliucheza humohumo kisiwani. Yeye alikuwa Kreoni, mfalme anayemhukumu Antigone. Fikiria mfungwa anacheza mtu anayefunga watu.

#23 Afande_Mstaafu
Naomba kuingia. Nimekuwa askari jela miaka mingi, sasa nimestaafu nalima pale Hindi, huku Lamu bara.

Mnasema mtu mmoja wa kusema ndio. Mimi nilikuwa mmoja wa waliosema hapana kwa hivyo nisikilizeni. Kwanza wadi imejaa, askari wa zamu ni wachache, milango inafungwa mapema jioni, na ukikusanya watu wengi mahali pamoja wakicheka wewe huwezi kujua kicheko kinageuka saa ngapi. Kicheko hakina breki. Hili halikuwa roho mbaya. Kuanzia 2003 Moody Awori alipokuwa makamu wa rais mambo yalilegezwa, tivii zikaingia, magodoro yakaja, na mimi nilifurahi wallahi. Lakini tivii unaizima kwa kidole. Mchezo unauzimaje?

La pili ndilo nililotaka kusema. Kulikuwa na kijana aliyekuwa akimwiga mkubwa wetu. Mwendo wake tu, hasemi neno, anaweka mikono nyuma na kisigino kimoja anakiburuta kidogo, kwa sababu mkubwa alikuwa na mguu ulioumia zamani. Wadi nzima ikaangua. Na mimi nikacheka nimegeukia ukutani. Kesho yake mkubwa alipita kukagua, hakuna aliyecheka, lakini kila mfungwa alikuwa akitazama kile kisigino. Kila mmoja. Na mkubwa akakijua. Yule kijana aliadhibiwa kwa kosa jingine la kutafutwa. Mwigizaji anaogopwa, ndio maana anaambiwa fujo. Mshairi hajawahi kuburuta kisigino cha mtu.

#24 TungoZaPate
Afande hapo umetukosea kidogo washairi, Abdilatif hakufungwa kwa kupika. Ila nimekuelewa.

#25 Mzee_Mkunguni
Afande, na yule wa ngome aliyeiga mwadhini, askari wake alikuwa akimkemea kama nilivyosema. Pengine naye alikuwa akigeukia ukutani.

#26 Afande_Mstaafu
Inawezekana sana mzee wangu.

#27 MamaKibokoni
Nimesoma zote nimejizuia nimeshindwa.

Mwanangu alipigwa. Taya lilivunjika likafungwa kwa waya, wiki nyingi anakunywa kwa mrija. Alikuwa akisoma kasida kwenye maulidi, sauti yake watu walikuwa wakimwita kutoka mitaa mingine. Sai mdomo haufunguki wote, akivuta pumzi ndefu inauma, ameacha. Yeye hakufungwa na mtu. Yuko nyumbani, mlango uko wazi, na kipaji chake hakuna anayekianzishia uzi. Aliyempiga alikwenda jela na pengine naye huko alilia kwa kukosa kucheza mpira wake. Sijui nimuonee huruma. Sijafika hapo.

MsaniiBarani wewe ulifanya nini?

#28 MsaniiBarani
Mama shikamoo. Nlimpiga mtu. Tuligombana juu ya malipo ya shoo, nkamvunja mkono na kigongo cha stejini, ndio hivo. Alikuwa mpiga ngoma wetu.

Sijawahi kuandika hilo sentensi moja mahali pamoja.

#29 MamaKibokoni
Anapiga?

#30 MsaniiBarani
Kwa mkono mmoja. Nmeambiwa, sijamuona. Nlituma mzee aende akaombe radhi, alimpokea mzee vizuri akampa chai, hakusema ndio wala hapana.

#31 MamaKibokoni
Haya. Ahsante kwa kujibu. Sina la kuongeza leo.

#32 AbuSumayya
Allah amponye mwanao mama, na ampe faraja. Tumwombeeni sote.

#33 Dogo_Shela
Amin.

#34 UshauriNasaha
Mwenye uzi, bila kukuchokonoa. Ule mwezi wa tatu, yule mlevi mwenye bega, katika mchezo nani alikuwa akimpigia ngoma?

#35 MsaniiBarani
Yeye.

Najua unakoelekea. Nmewahi kufika huko mwenyewe usiku. Pengine ni kweli na pengine si kweli, maana Afande anasema kitu kingine na Shekhe kingine na vyote nkivisoma navikubali.

#36 Kaka_Muyeye
Ngojeni. Kuna jambo la kumpa moyo Mzee Mkunguni na huyu pia. Yule bibi wetu ndiye aliyenihadithia. Mwaka 1957 kundi la waigizaji la San Francisco, Marekani, lilipeleka mchezo wa mwandishi Beckett wa kumngoja Godot gereza la San Quentin, wafungwa kama 1,400 wakakaa wakautazama, watu wawili wanangoja mtu asiyekuja, na wasomi mijini walikuwa wakisema hauleweki, wale waliuelewa. Sasa kulikuwa na mmoja mwenye kifungo cha maisha anaitwa Rick Cluchey, siku ile hakuruhusiwa kutoka seli. Akausikiliza kwa spika. Kusikia tu! Baadaye yeye na wenzake wakaanzisha kundi humohumo, akatoka 1966, na mwisho akaja kuigiza Berlin akiongozwa na Beckett mwenyewe.

Kwa hivyo bega linapita ukuta kaka. Linapita kwa sikio.

#37 Ticha_Ngala
Hapo nimenyamaza. Lakini yeye alisikia mchezo wa watu walioruhusiwa kuigiza, wale hawakuwa wafungwa. Bado swali la #1 liko palepale.

#38 TungoZaPate
Ticha wewe hata peponi utasahihisha.

#39 Bint_Langoni
Mi nna swali na si la kubishana. Kakangu yuko ndani, rimandi, kesi haijaisha, mwaka wa pili huu. Alikuwa anaigiza harusini kwetu, anawaiga mabibi wa Amu wote, anavaa buibui anakuwa bibi yetu marehemu mpaka watu wanalia na kucheka pamoja. Nikienda kumuona tunasema kupitia wavu, muda mfupi, maneno ni wakili, pesa, mama anaendeleaje, basi. Anazidi kunyamaza. Mara ya mwisho aliitikia tu. Nimpelekee nini? Daftari? Anaruhusiwa daftari?

#40 Afande_Mstaafu
Binti yangu daftari na kalamu uliza kwanza ofisi, kila mahali wana utaratibu wao, na litasomwa kabla halijamfikia. Usilete kwa siri hata siku moja, utamharibia.

#41 TungoZaPate
Daftari dada. Aandike. Mi nasema hivo tangu mwanzo.

#42 MsaniiBarani
Bint_Langoni daftari si vibaya ila kama ni wa aina yangu atalitazama tu. Fanya hivi. Siku ukienda, ya wakili muachie mtu mwingine, ama yamalize dakika mbili za kwanza. Halafu mwambie akuigizie. Mtaje mtu, mwambie niletee bibi. Kisha ukae kimya. Usimsifu, usimwambie maskini, usilie kama unaweza. Mtazame tu mpaka amalize, kama uko kwenye kiti shuleni. Mimi hakuna aliyekuja akanambia hivo miaka miwili. Walikuwa wananihurumia na mi nlikuwa nataka kutazamwa. Ndio shekhe, nimejibu swali lako la #16, nlikuwa nataka kutazamwa. Sijui kama ni dhambi.

#43 AbuSumayya
Sijasema ni dhambi kaka. Nilisema ni swali.

#44 Mzee_Mkunguni
Na ukirudi utwambie binti. Bibi yako mimi nilimjua.

#45 Dogo_Shela
Huu uzi umelala siku nne. Wapi mtu wa Langoni?

#46 Kaka_Muyeye
Nami nachungulia kila asubuhi kabla ya kuandaa meza.

#47 Bint_Langoni
Nimerudi jana, niliogopa kuandika.

Nilimwambia niletee bibi. Akasema hapana, hapa? Nikanyamaza kama ulivyosema. Akatazama chini muda mrefu nikadhani nimeharibu. Halafu mkono wake ukaenda shingoni, hivi, bibi alikuwa akishika ukosi wa kanzu yake kama anatafuta kitu kabla ya kusema. Hakuwa na kanzu, ana ile sare. Na sauti ikatoka, ya bibi kabisa, ile ya kukuuliza umekula wakati anajua hujala. Akanigombeza kwa kukonda. Akamuuliza yule askari aliyesimama nyuma yangu kama ameoa, na kama hajaoa anangoja nini, kijana mrefu hivyo.

Askari akacheka. Akageukia mlangoni akacheka. Kisha akasema muda umekwisha, na hatukutoka mara moja.